Van Riebeeck: Karani Aliyegeuzwa Baba



Wale kati yetu waliopita Afrika Kusini zamani zile za makaburu watazikumbuka noti za randi. Tangu randi ilipoanza mwaka 1961 mpaka zilipokuja noti za wanyama miaka ya 1990, noti zilibeba sura ya bwana mmoja wa Kizungu mwenye nywele ndefu na masharubu membamba. Ukiuliza unaambiwa huyo ni Jan van Riebeeck, mwasisi wa Cape Town, aliyeteremka Rasini tarehe 6 Aprili 1652. Baadaye wataalamu wa picha huko Uholanzi wakaichunguza ile picha ya asili, na leo inaaminiwa kuwa si yeye kabisa. Ni Mholanzi mwingine, Bartholomeus Vermuyden, asiyehusika na Cape Town hata chembe. Na picha ya mkewe, Maria de la Queillerie, nayo yasemekana ni ya mama mwingine. Karibu miaka thelathini watu wananunua mkate kwa sura ya baba asiye baba!

Nacheka, lakini nina jambo. Sura ya uongo kwenye noti ni kosa dogo ukilinganisha na kosa lenyewe, nalo ni neno "mwasisi". Nimesoma mengi juu ya mtu huyu, ya wanaomtukuza na ya wanaomlaani, na ninachokiona ni kwamba pande zote mbili zimekubaliana kwenye jambo ambalo ndilo lilipaswa kugombewa: kwamba yeye ndiye mwanzo. Mmoja anasema ni mwanzo wa ustaarabu, mwingine anasema ni mwanzo wa balaa. Kalenda ni ileile moja. Mimi nasema kalenda hiyo haikuandikwa mwaka 1652. Iliandikwa mwaka 1899 na mwaka 1952, na waandishi wake tunawajua kwa majina.

Hebu tumtazame mtu mwenyewe kwanza. Alizaliwa Culemborg mwaka 1619, mtoto wa tabibu mpasuaji, na yeye akasomea kazi hiyohiyo. Akaajiriwa na ile Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, akapelekwa Batavia (Jakarta ya leo), akaacha visu akashika kalamu, akapanda cheo mpaka kusimamia biashara ya Kampuni kule Tonkin, kaskazini mwa Vietnam. Huko akashikwa anafanya biashara yake ya pembeni, akarudishwa kwao kwa aibu. Kazi ya Rasini ilikuwa njia ya kujisafisha jina. Na kazi yenyewe si ya kujenga nchi: ni kujenga ngome, kulima bustani ya mboga na kununua ng'ombe, ili mabaharia wa Kampuni waendao Mashariki wapate kitu kibichi wasife kwa kiseyeye. Ukitaka kusema ukweli, alitumwa kufungua genge. Alipofika tu akaanza kuandika barua za kuomba ahamishwe. Aliomba tena na tena apelekwe Mashariki kwenye pesa, na ilipofika 1662 akapewa ruhusa, akaenda zake Malaka, na akafia Batavia mwaka 1677. Miaka kumi tu alikaa pale. Cape Town hakurudi tena.

Sasa mtu kama huyu, ambaye kutwa anatazama bahari akisubiri meli ya kumtoa, alipataje kuwa baba wa taifa?

Jibu ni kwamba alitafutwa. Sanamu yake iliyosimama mwisho wa Adderley Street, karibu na bahari, ilichongwa na John Tweed na kutolewa zawadi kwa mji na Cecil Rhodes mwaka 1899. Muutie maanani mwaka huo. Miaka mitatu nyuma yake uvamizi wa Jameson dhidi ya jamhuri ya makaburu ya Transvaal ulikuwa umeshindwa, Rhodes amepoteza uwaziri mkuu wa Koloni la Rasi, na Waholanzi wa pale hawamwamini. Oktoba ya mwaka uleule vita kati ya Waingereza na makaburu vikaanza. Rhodes alihitaji babu ambaye Mwingereza na Mholanzi wangeweza kumwamkia pamoja, akamwona Van Riebeeck: hana ugomvi na Mwingereza, hakuwahi kuondoka kwa hasira kwenda bara na magari ya ng'ombe kama walivyofanya makaburu wenyewe, na amekufa zamani vya kutosha asiweze kukataa. Kwa hiyo lile shaba pale Adderley Street ni ukumbusho wa shida za Rhodes za mwaka 1899. Watu walipoiangusha sanamu ya Rhodes kule Chuo Kikuu cha Cape Town Aprili 2015, wengi hawakujua kwamba sanamu nyingine ya Rhodes, kwa maana hii, imebaki imesimama mjini.

Makaburu wenyewe hawakuwa na haja naye sana. Mwaka 1938 walipotaka kujikumbuka kama taifa walisherehekea safari kuu ya babu zao ya kwenda bara. Van Riebeeck alikuwa mtu wa pwani, mtumishi wa kampuni. Lakini mwaka 1952, chama cha National kimeshika serikali miaka minne na sheria za ubaguzi zinapitishwa mfululizo, kikahitaji hadithi pana zaidi ambayo Wazungu wote wangeingia ndani yake. Miaka mia tatu ya 1652 ikafika kama imeagizwa. Likajengwa jukwaa kubwa kwenye ardhi mpya iliyofukiwa baharini, mwigizaji akavalishwa kofia na kushuka kutoka kwenye mashua, watu wakapiga makofi. Leslie Witz ameyaeleza haya vizuri sana katika kitabu chake cha 2003, Apartheid's Festival, na asiyekisoma akitafute. Anachoonyesha ni kwamba hata waandaaji walihangaika: historia haikutosha, ikabidi itengenezwe. Na upande wa pili nao ulijipanga siku hiyohiyo. Wana wa Unity Movement walihimiza watu wasusie sherehe, na ANC ikafanya mikutano tarehe 6 Aprili 1952, kisha Juni 26 ikaanza ile kampeni maarufu ya kukaidi sheria za ubaguzi.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Ile mikutano ya kupinga ilikuwa ya haki, hakuna mjadala. Lakini kwa kuifanya siku ya Van Riebeeck, ilimkubali Van Riebeeck kama jina la mkosaji. Tangu hapo ikawa kawaida. Januari 2015 Rais Zuma alisimama Cape Town penyewe akawaambia wafuasi wake kwamba matatizo ya nchi ile yalianza alipofika Jan van Riebeeck. Magazeti yakachafuka wiki nzima, huyu anatetea, yule anatukana. Wanafunzi wangu hapa wakaniuliza, Mwalimu, je ni kweli? Nikawajibu kwamba Rais ametoa sifa ambayo Rhodes mwenyewe angeishukuru.

Kwa nini nasema hivyo? Chukueni tarehe nyingine: 1 Machi 1510. Siku hiyo, kwenye ghuba ileile, karibu miaka 142 kabla ya Van Riebeeck, Mreno Francisco d'Almeida aliteremka na watu wake. Waliingia kwenye kijiji cha Wakhoikhoi, wakanyang'anya ng'ombe na kuteka watoto. Wakhoikhoi wakawafuata mpaka ufukoni, masimulizi ya Kireno yenyewe yanasema walitumia ng'ombe wao kama ngao, wakamuua d'Almeida na watu wapatao 60. Sasa sisi watu wa Pwani, jina hilo tunalijua! Huyu ndiye aliyeingia Kilwa kwa nguvu Julai 1505, na Agosti akaichoma Mombasa. Watu wetu walimshindwa. Waliomlipa deni ni wachunga ng'ombe wa Rasini wenye mikuki. Nimefundisha historia ya Pwani miaka mingi, na nikiri kwamba miaka ya mwanzo nilikuwa nikimwacha d'Almeida pale Mombasa kwenye moshi, simfuatilii alikoishia. Hakuna aliyenifundisha. Vitabu vyetu vinamwacha hapo, na vitabu vya Afrika Kusini vya shule vilikuwa vinaanza 1652. Kati ya vitabu hivi viwili, ushindi wa Wakhoikhoi umedondoka. Kwa hesabu hiyo, kuiita 1652 "mwanzo", hata ukiwa unalaani, ni kuufuta mwaka 1510.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Najua kuna watetezi wake wataiokota hoja yangu hapo juu: "Si umesema mwenyewe, alikuwa karani tu, alitumwa mboga, mwacheni." Hapana bwana. Karani anaweza kuua kwa kalamu, na huyu ushahidi wake ameuandika kwa mkono wa ofisi yake.

Namaanisha ile shajara. Kampuni ilimtaka kila kamanda aweke kumbukumbu za kila siku, na ya Van Riebeeck ipo. Miaka ya 1950, katika pilikapilika zilezile za sherehe, ilichapishwa kwa Kiholanzi na pia kwa tafsiri ya Kiingereza, mijalada mitatu. Mhariri wake mkuu, H. B. Thom wa Stellenbosch, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Broederbond, kile chama cha siri cha makaburu. Kwa hiyo waliomtengeneza baba ndio pia waliotupa nyaraka za kumhukumu. Nimeisoma kwa miaka kadhaa, polepole, na nasema kama msomaji wa fasihi kwamba ni kitabu cha ajabu. Kwa kurasa na kurasa ni upepo, mvua, kabichi, meli imeingia, meli imetoka, fulani kaiba, fulani kapigwa. Tarehe 2 Februari 1659 anamshukuru Mungu kwa divai ya kwanza ya zabibu za Rasini. Halafu katikati ya kabichi linatokea jambo la kukusimamisha nywele. Desemba 1652, hajamaliza hata mwaka, anatazama maelfu ya ng'ombe wa Wakhoikhoi wakila majani mbele ya ngome, na anapiga hesabu ni watu wangapi wangetosha kuwanyang'anya wote kwa pigo moja. Mabwana wa Amsterdam hawakuruhusu, kwa sababu vita ni hasara. Hakuna huruma wala chuki katika hesabu ile, ni mizani tu. Mimi inanitisha kuliko matusi.

Mwaka 1657 akawapa watumishi kadhaa wa Kampuni mashamba kando ya mto Liesbeek, kwenye malisho ya watu. Mwaka 1658 zikaingia meli Amersfoort na Hasselt na watumwa, ya kwanza na mateka wa Angola walioporwa kutoka meli ya Kireno, ya pili kutoka pwani ya Guinea. Watumwa alikuwa akiwaomba tangu mwanzo. Hapa hakusukumwa na mtu. Ndipo ukafunguka mlango ambao, kwa hesabu za Robert Shell, hadi 1808 ulipitisha watu wapatao 63,000, karibu robo robo kutoka Bara la Afrika, Bukini, India na visiwa vya Indonesia. Na msidhani sisi hatumo. Robert Ross alichapisha mwaka 1986 shajara mbili za meli za Kampuni zilizofika Zanzibar na pwani yetu kati ya 1776 na 1778 kutafuta watumwa wa kupeleka Rasini. Nani aliwauzia? Tunajua nani aliwauzia. Siku moja tutalizungumza hilo bila kurushiana maneno.

Mwaka 1659 vita vikaanza, na Aprili 1660 wakakaa kufanya amani. Kurasa hizo za shajara ndizo, kwangu mimi, kurasa kuu za kitabu chote. Wakhoikhoi wanasema wazi kwamba wanapigania ardhi yao ambayo wageni wanazidi kuimega kila siku. Kisha wanauliza swali ambalo sijaona wakili aliyeliuliza vizuri zaidi: je, sisi tungekwenda Uholanzi tukafanya hivi, tungeruhusiwa? Van Riebeeck anajibu kwamba ardhi imepotea kwa vita, imepatikana kwa upanga, na wao Waholanzi wanakusudia kuishika. Halafu anaandika yote. Hafichi swali, hapunguzi jibu. Anaona ameshinda mjadala, kwa hiyo anauhifadhi. Baada ya hapo akapanda mstari wa miti ya lozi mwitu, zile kokwa chungu zenye sumu, kuwa mpaka kati ya "kwetu" na "kwenu". Kipande chake bado kinaota pale bustani ya Kirstenbosch.

Miaka kumi baada ya yeye kuondoka, mwaka 1672, Kampuni ikaona upanga peke yake hauna heshima mbele ya Wazungu wengine, ikaandika mikataba ya kuinunua Rasi. Kwenye karatasi bei ni maelfu ya riale. Bidhaa zilizotolewa zilikuwa shanga, tumbaku, pombe na vikorokoro vya thamani ndogo mno. Nilipoisoma mara ya kwanza nikakumbuka Kilwa. Si ndiyo hadithi yetu hiyo? Mgeni wa Kishirazi anakuta kisiwa kina mwenyewe, anakinunua kwa nguo za kukizunguka, mwenyewe anavuka kwenda bara, na akitaka kurudi njia ya maji kupwa imekwisha kuzibwa. Sisemi mambo ni sawa. Wa Kilwa waliolewana, wakawa watu wamoja na lugha moja, na hata utafiti wa vinasaba vya makaburi ya Pwani uliotoka 2023 unaonyesha mchanganyiko huo tangu karibu mwaka 1000. Rasini ilipandwa miti ya sumu katikati. Ila hadithi ya mwasisi inafanya kazi ileile kila mahali: inatoa hati. Ndiyo maana mtu akianza kuniambia Zanzibar "ilianzishwa" na fulani, awe Mshirazi, awe Sayyid Said, mimi kwanza nauliza hati anayoitafuta ni ya nini.

Nirudi kwa wale wengine waliomo ndani ya shajara, maana hapa ndipo roho yangu ilipo, na wasomaji wa hapa watanielewa kwa nini. Wakhoikhoi watatu wanaotajwa zaidi ya wote, Autshumato, Doman na Krotoa, wote watatu walikuwa wakalimani. Na wawili kati yao walikuwa wamekwenda ng'ambo. Autshumato alichukuliwa na Waingereza karibu mwaka 1631 akafika Bantam, kisiwani Java, akarudi na Kiingereza chake, akawa mtunza barua za meli kwenye Robben Island. Wakati Van Riebeeck anafika, mwenyeji aliyempokea alikuwa ni msafiri kuliko nusu ya mabaharia wake. Doman alipelekwa Batavia mwaka 1657 akafundishwe lugha na utii. Akarudi 1658 amejifunza, lakini si kile alichotumwa kujifunza: alikuwa ameona kule Java Mholanzi anavyoishi na wenyeji pindi akishakaa. Mwaka uliofuata ndiye aliyeongoza vita, na alichagua siku za mvua kushambulia, kwa kuwa alijua bunduki za utambi haziwaki zikilowa. Hiyo ndiyo elimu ya ughaibuni aliyorudi nayo!

Shajara inamchukia Doman. Inamwita msaliti karibu kila anapotajwa, na mwandishi wake haoni kwamba kwa kumwita msaliti anakiri kwamba alimdhania mali yake.

Krotoa ni habari nyingine, ngumu zaidi. Aliingia nyumbani kwa Van Riebeeck akiwa mtoto, akajua Kiholanzi na Kireno, akabatizwa Eva mwaka 1662 mabwana wake wakikaribia kuondoka, akaolewa na mtabibu wa Kampuni, Pieter van Meerhof, akawa mjane, akaishia kuhamishiwa Robben Island, akafa 1674. Karibu kila neno tunalolijua lililotoka kinywani mwake limepita kwenye kalamu ya tajiri wake. Siku hizi kuna haraka ya kumfanya "mama wa taifa" mahali pa yule baba. Mwaka 2016 ilifanywa ibada ya kumrudisha roho pale Castle, 2017 ikatoka filamu, 2018 kukawa na pendekezo la kuupa uwanja wa ndege jina lake. Nawaelewa wanaotaka hivyo, hasa wale ambao kwa miaka mingi waliambiwa hawana asili. Lakini mimi naona ni ugonjwa uleule umevaa kanga. Mtoto aliyechukuliwa kufanya kazi jikoni na ukalimani sebuleni, hakuwahi kutaka kuzaa taifa. Sanamu ya Doman, iliyozinduliwa Castle mwishoni mwa 2016 pamoja na za Cetshwayo, Langalibalele na Sekhukhune, hiyo nimeipenda zaidi, kwa sababu inamweka pale kama mtu aliyepigana vita fulani mahali fulani. Haidai kuwa amezaa mtu.

Na mwisho wa habari kuna ardhi, ambayo haipatikani kwa kubomoa shaba. Sheria ya Afrika Kusini ya 1994 ya kurudisha ardhi inawapokea walionyang'anywa baada ya tarehe 19 Juni 1913 tu. Mnaona? Wakhoikhoi wa Aprili 1660 wako nje. Zuma aliahidi mwaka 2013 kwamba utatafutwa mlango wa kuwaingiza watu wa Khoi na San. Miaka miwili baadaye, kwenye chakula cha jioni cha chama, ukatolewa Van Riebeeck. Kumlaumu maiti wa Batavia ni rahisi kuliko kuirekebisha tarehe moja kwenye sheria. Halafu ikaja kesi ya River Club, penye mkutano wa mto Liesbeek na Black River, eneo lilelile la mashamba ya 1657, ambapo palikuwa pakijengwa makao ya Amazon. Machi 2022 mahakama ilisimamisha ujenzi kwa ombi la baraza la Wagoringhaicona, kabila la Autshumato yule yule, pamoja na wakazi. Novemba 2022 majaji wengine wakautengua uamuzi huo, na ujenzi ukaendelea. Vikundi vingine vya Khoi viliunga mkono mradi, wakavutana wenyewe kwa wenyewe nani ana haki ya kusema kwa niaba ya mto. Katika mabishano yote hayo, sanamu ya Adderley Street haikuwa na lolote la kuchangia. Ikiondolewa kesho mimi sitalia, na mwaka 2015 nilikuwa miongoni mwa waliotia saini iondolewe. Lakini leo saini hiyo naiona ilikuwa nafuu mno.

Badala yake nimejipa kazi ndogo. Nazitafsiri zile kurasa za Aprili 1660 kwa Kiswahili, kutoka Kiholanzi na siyo kutoka Kiingereza cha Thom, ili wanafunzi wetu wazisome pamoja na habari za Kilwa. Kazi inakwenda, ila nimekwama kwenye neno moja na naomba msaada wenu. Wale watumishi waliopewa mashamba mwaka 1657 wanaitwa kwa Kiholanzi vrijburgers, yaani raia walio huru, wasio tena chini ya mkataba wa Kampuni. "Walowezi" halitoshi, linaficha jina walilojiita wenyewe. "Waungwana" ni kuwapa heshima wasiyostahili. Nikiandika "mahuru", ambalo ndilo lililo karibu zaidi, mtu wa Mombasa atadhani nazungumzia watu wa Frere Town, watumwa waliokombolewa baharini wakaletwa Kisauni, wakati mahuru hawa wa Liesbeek ndani ya mwaka mmoja walikuwa wameanza kununua watu. Rafiki yangu mmoja wa Lamu anasema niliache hivyohivyo, msomaji ajikwae. Sijaamua. Mwenye neno zuri zaidi alilete.